Mikono Yenye Harufu ya Dizeli

Kwetu Laare mwanamke hapandi mti wa miraa. Hilo nilifunzwa kabla sijafunzwa kusoma. Wanaume ndio wanaopanda, ndio wanaochuma na kuchambua vijiti vya kutafunwa na kuvifunga kwa majani ya ndizi, huku wanunuzi wakingoja barabarani juu ya bodaboda zinazonguruma, kwa sababu miraa ikikauka ni takataka. Nilipouliza kwa nini sisi wasichana tunakatazwa, niliambiwa mti ukiguswa na mwanamke hufa. Nilikuwa mtoto wa kuuliza swali la pili, kwa hivyo nikauliza ni nani aliyewahi kuuona mti uliokufa hivyo. Nikatumwa kuteka maji.

Sasa niko mwaka wa kwanza wa uhandisi wa mitambo, katika chuo kilicho nje kidogo ya mji wa Meru, na watu hupenda kuniuliza wazo hilo nililitoa wapi. Wanatarajia niseme nilimwona rubani uwanjani, au nilitazama kipindi fulani kwa televisheni. Sikuona rubani. Niliona injini ya dizeli iliyofungwa kwa nati kwenye simiti, nyeusi kwa mafuta, ikizungusha mkanda mrefu ulioendesha kisiagi cha mama. Kisiagi ni mashine ya kusaga mahindi, na hiyo yetu ilikuwa ndani ya kibanda cha mbao na mabati kando ya barabara, mahali ambapo kila aliyepita alitoka na vumbi jeupe kwenye nyusi.

Baba ndiye aliyeinunua, mwaka ambao miraa ilifanya vizuri. Alikaa nayo msimu mmoja tu. Vumbi lilimkera, na kusubiriana na akina mama wenye debe moja moja la mahindi hakukumpendeza mtu aliyezoea biashara ya haraka. Akarudi kwa miti yake, akamwachia mama mashine.

Mama hakuwa mtu wa Laare. Kwao ni Kianjokoma, upande wa Embu, penye majani chai na baridi inayoshuka kutoka mlimani. Aliletwa na ndoa. Miaka yote hiyo Kimeru chake kilikuwa bado na Kiembu ndani, na wanawake wa sokoni walimwigiza wakicheka, kisha wakamletea mahindi yao, kwa sababu unga wako kwake ulirudi ukiwa wako, haujachanganywa na wa mtu mwingine. Mimi nililelewa kwenye kibanda hicho. Nilifanya kazi ya shule juu ya magunia, na sauti ya ile injini nikaijua kama mtoto anavyokijua kikohozi cha babake. Ikibadilika, nilinyanyua kichwa kabla ya mama.

Lakini kuigusa, hapana. Ikiharibika aliitwa fundi kutoka mji wa Maua. Alikuwa na tabia moja: kabla hajafungua chochote, alitutoa wote nje na kufunga mlango, kana kwamba injini inavuliwa nguo. Mbao za kibanda zilikuwa zimeachana. Nilikaa nje nikichungulia kwenye ufa mpaka shavu likachorwa mistari, na alipomaliza nilijua ni spana ipi iliyoingia wapi.

Nilikuwa darasa la saba injini ilipozimika asubuhi moja ya Jumamosi, katikati ya mahindi ya mtu. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Nje kulikuwa na foleni ya wanawake, wengine wametoka mbali na watoto mgongoni. Mama alimpigia fundi, naye akasema yuko na kazi kubwa, labda wiki ijayo. Mama aliweka simu chini, akaniangalia.

"Wewe huwa unachungulia," alisema. "Yeye huanza na nini?"

Nilimwambia huanza na chujio la mafuta. Sikujua hata kwamba mama alikuwa ameniona kule kwenye ufa.

Alinipa spana. Nilifungua chujio, nikakuta maji na tope la rangi ya chai. Ile dizeli tuliyouziwa ilikuwa imechanganywa, lakini hilo lilikuwa jambo la siku nyingine. Nikaliosha kwa dizeli safi iliyobaki kwenye mtungi, nikalirudisha. Kisha nikalegeza nati ya bomba linaloingia kwenye injini, kama nilivyomwona fundi akifanya, nikaacha mafuta yatoke na povu lake mpaka yakatoka bila povu. Hapo nikakaza. 

Hendeli, chuma cha kuzungushia injini ili iwake, ilikuwa nzito kunishinda. Mara ya kwanza ilirudi nyuma ikanipiga kwenye kiganja, na machozi yakanitoka mbele ya watu. Mama mmoja wa foleni alimkabidhi jirani mtoto wake, akaja, akashika hendeli pamoja na mama yangu. Wakazungusha. Injini ikapiga mara moja, ikafikiria, ikapiga tena, ikaendelea. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mwenye mahindi aliyekuwa katikati ya kusagiwa alisema tu, "Haya, malizieni yangu," na kazi ikaendelea.

Baba alizipata habari kabla ya jua kutua. Alizipata mahali pabaya zaidi, penye wanaume wanaofunga miraa, na alizipata kama mzaha. Walimwambia mashine yake siku hizi inatibiwa na msichana, na kesho msichana huyo huyo atapanda miti. Alikuja nyumbani na kufuli mpya. Hakutupa matusi, baba si mtu wa matusi. Alifunga kibanda na kusema mashine ni kitu cha mwanaume, itafunguliwa fundi akija, na mimi nisionekane tena na spana. Mama alisonga ugali, akampakulia.

Jumatatu wanawake walifika na mahindi yao wakakuta kufuli. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo nilikuwepo. Mama aliwasalimia mmoja mmoja, akawaambia kwamba mashine ni nzima, na ufunguo uko kwa mwenyewe, na mwenyewe yuko kule kwa miraa. Wanawake wakatazamana. Kisha bibi mmoja mkongwe, ambaye mwanawe wa kiume alikuwa mmoja wa wale wafungaji, alijitwika gunia lake na kuanza kutembea. Wengine wakamfuata. Mama akafuata, nami nikafuata.

Ulikuwa ule wakati ambao hakuna anayetaka kusumbuliwa. Wanaume walikuwa wameketi kwenye duara wakifunga mabunda, na wanunuzi walikuwa wakiangalia saa. Wanawake walitua mizigo yao mbele ya wanaume, wakaketi. Hawakupiga kelele. Walinyoosha miguu, wengine wakanyonyesha. Wanaume wakaanza kutazama chini, maana kila mmoja alikuwa na mama yake pale, au mkewe, au mamake mkewe.

Yule bibi akamwambia baba, kwa upole kabisa, "Tumekuja kusagiwa. Tutue hapa ama wapi?"

Baba aliendelea kufunga bunda lake. Alilifunga vizuri, akalikata mwisho, akaliweka kando. Kisha akauliza, bila kumwangalia mtu, ni nani ataiwasha. Mama alininyooshea kidole. Baba akatoa ufunguo kiunoni, akauweka juu ya majani ya ndizi. Hakunipa mkononi. Niliinama nikauchukua mwenyewe, mbele ya wanaume wote wale, na nilihakikisha siuchukui haraka.

Kufuli hiyo haikurudi tena mlangoni. Nisingependa mtu adhani baba alibadilika siku ile. Hakuniambia neno kwa muda mrefu, na aliponiambia lilikuwa kuhusu mbuzi. Sikusamehewa. Nilizoeleka tu.

Nilipomaliza darasa la nane mama alinipeleka kwao Kianjokoma, nikae na dadake mdogo na kusoma shule ya wasichana ya kutwa. Mama mdogo alikuwa mchumaji wa majani chai. Nyumbani kwake nilijifunza kuamka na ukungu na kuongea Kiembu bila kuchekwa, na nilijifunza pia kwamba Laare, ukiitaja huko, inaleta kicheko. Wasichana waliniuliza kama nimetafuna miraa tangu niachishwe ziwa. Niliwajibu kwamba kwetu hata kuichuma ni mwiko kwangu, lakini niliona hawataki jibu, wanataka kucheka. Nikawaacha wacheke. Mtu hawezi kuzima kila injini.

Kidato cha pili kilipoisha nilipata alama mbaya za Fizikia. Mbaya kweli, sitazipamba. Mwalimu aliyetufunza mwaka huo alikuwa ameondoka katikati, tukakaa muda mrefu bila mwingine, na mimi sikuwa mtu wa kukariri kitu nisichokiona kikizunguka. Shuleni kulikuwa na desturi kwamba Fizikia ni ya wachache wa juu, ili isiharibu wastani wa shule. Majina yaliposomwa, mimi niliwekwa Sayansi Kimu, nikajifunze mapishi na ushonaji.

Sina ubaya na mapishi. Ila sikuwa nimeulizwa.

Kipindi cha kwanza cha Fizikia nikaingia darasani nikakaa. Mwalimu mpya, kijana mpole, aliniambia jina langu halipo. Nikamwambia najua. Akaniomba nitoke, nikatoka, nikaenda kusimama nje ya dirisha na daftari juu ya kizingiti, nikaandika alichoandika ubaoni. Kipindi kilichofuata vivyo hivyo. Mvua ya Kianjokoma haina adabu, inakuja ya pembeni, na kalamu haiandiki kwenye karatasi iliyolowa. Nilihamia kwenye penseli. Wanafunzi wa ndani walicheka mwanzoni, kisha wakazoea. Mmoja wao akawa anasogea kidogo ili nione ubao.

Mwalimu mkuu aliniadhibu kwa kukosa vipindi vya Sayansi Kimu. Nilifyeka nyasi uwanjani, nikarudi dirishani. Ndipo akaagiza mzazi aje.

Alikuja mama, safari nzima kutoka Laare, na mfuko wa unga aliomletea dadake. Aliketi kwenye kile kiti cha wageni na mfuko magotini. Mimi nilisimama mlangoni. Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu aliyependa kila kitu kinyooke, alimweleza kwa Kiswahili kwamba mimi ni mkaidi, kwamba nimepewa somo linalonifaa na nimelikataa, na kwamba kila siku nasimama dirishani kama mtu anayetafuta kibarua.

"Na hapo kwa dirisha anafanya nini, Madam?" mama aliuliza.

"Anaandika."

"Basi si mumuweke ndani? Hapo nje kuna baridi."

Mwalimu mkuu alivua miwani. Alimweleza mama tena, polepole, kwamba Fizikia itaniangusha, na nikianguka nitaangusha shule. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kiswahili chake ni cha stendi na cha soko, ngeli zinapishana humo kama watu mlangoni, lakini tangu siku ile sijamsikia mtu akikitumia vizuri zaidi.

"Madam, mimi niliozwa na watu walichagua. Sikatai, niko sawa," alisema. "Lakini huyu, kama ni kuanguka, wacha aanguke na kitu amechagua mwenyewe."

Mwalimu mkuu alirudisha miwani usoni, akamtazama mama. Sijui aliona nini. Aliniambia niingie darasani, na akasema nikifeli nisije kulia ofisini kwake. Nikamwambia sitakuja. Mama alinishika bega alipokuwa akitoka, akaniambia niache kufanya watu wapande magari.

Katika mtihani wa mwisho nilipata B ya Fizikia. Si A. Kuna watu wakisimulia hadithi yangu kanisani huigeuza ikawa A, kwa nia njema, lakini mimi nataka ibaki B, kwa sababu ile B niliipigania na mvua ikiwa upande wa pili.

Baba alikuwa na mpango wake. Alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba nitakuwa nesi. Unesi una kazi, hata ng'ambo, na jirani yetu alikuwa na binti huko aliyejenga nyumba ya mawe. Nilimwambia unesi ni kazi nzuri, ila si yangu, na kwamba nimeshachagua mitambo. Tulikuwa tumeketi nje, mama akichambua maharagwe.

"Na ni nani ataoa mwanamke wa spana?" baba aliuliza.

"Mwenye gari bovu," mama alijibu, bila kuinua macho kwenye maharagwe.

Baba alijikaza asicheke. Aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Chuoni, wiki ya kwanza, mhadhiri mmoja alitutaka tusimame mmoja mmoja tueleze tumetoka wapi na tunapenda nini. Ukumbi ulijaa wavulana. Sisi wasichana tungetosha kwenye benchi moja na nafasi ya mfuko ikabaki. Waliosimama kabla yangu walipenda roboti, walipenda setilaiti, walipenda magari ya umeme. Mmoja alikuwa ametengeneza ndege ndogo isiyo na rubani akiwa sekondari. Mwenzangu wa hosteli alikuwa amenishauri niseme napenda nishati ya jua, kwa maana inasikika vizuri. Nilisimama nikiwa na nishati ya jua mdomoni kabisa.

Nikasema nimetoka Laare na napenda visiagi.

Kicheko kilitoka nyuma, kikaja mbele. Sauti moja ikauliza nimekuja na kilo ngapi, na kicheko kikaongezeka, kwa sababu hiyo ni ile miraa tena. Uso ulinichoma. Lakini nilikuwa nimeshachekwa kwa Kimeru na kwa Kiembu, na kuchekwa kwa Kiswahili na Kiingereza hakukuniongezea kitu. Niligeuka nikamtafuta mwenye sauti mpaka nikamwona.

"Kwetu miraa ni ya wavulana," nilimwambia. "Kilo muulize mvulana wa huko. Mimi nilikuwa kwa injini."

 Mhadhiri aliniuliza injini ya aina gani, nikamweleza, na kisha akaniuliza kwa nini unga hutoka kwenye kisiagi ukiwa moto. Nilifungua mdomo. Miaka yote ile nilikuwa nimeupokea unga ule wa moto kwenye viganja, nimejipasha nao joto asubuhi za Julai, na sikuwa nimewahi kuuliza. Nilisema sijui. Akasema sawa, anayefuata. Niliketi nikiwa nimekasirika, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimemkasirikia mtu.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Jaribio la kwanza la Hisabati nilianguka. Nilianguka chini kabisa, pamoja na yule wa ndege ndogo, jambo ambalo lilitufanya tuwe marafiki. Na kwenye karakana, tulipogawanywa kwa vikundi ili kila kikundi kichonge kipande cha chuma kwa tupa mpaka kiwe mraba, wenzangu, wote wavulana, walinisogezea kalamu na karatasi kabla hata hatujafunga chuma kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani. Kiongozi wa kikundi alisema nina mwandiko mzuri, kwa hivyo nitaandika ripoti. Alisema kwa ukarimu, kama mtu anayekuondolea mzigo.

Nilimuuliza ameuona wapi mwandiko wangu. Hakuwa ameuona. Nikasema tuandike kwa zamu na tuchonge kwa zamu. Akasema tutachelewa. Nikasema basi tuchelewe, nikaweka kalamu chini na kuchukua tupa.

Nilichonga vibaya. Nataka niseme hivyo pia. Kujua kufungua injini hakukufunzi kushika tupa, na upande wangu ulitoka umeinama kama paa la banda la kuku. Msimamizi wa karakana aliweka kipimo chake juu yake, mwanga ukapenya chini ya kipimo, akakirudisha kipande mezani akasema kirudiwe. Wavulana walinitazama. Niliona mmoja akinyoosha mkono kuchukua tupa, nami nikaivuta karibu.

"Nitarudia mimi," nilisema. "Huu upande ni wangu."

Niliurudia. Ulipopita, viganja vilikuwa na malengelenge, na kikundi kilikuwa kimekosa chakula cha mchana kwa sababu yangu. Kiongozi hakuongea nami wiki nzima. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake kuandika ripoti, na aliiandika. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Mama bado anasaga. Siku hizi kuna injini mpya, na ile ya zamani imekaa nje ya kibanda ikiota kutu, lakini amekataa kuwauzia watu wa vyuma chakavu. Ninapompigia huwa tunaongea juu ya vitu vya kawaida, bei ya dizeli na kifua chake, ambacho vumbi limekiharibu, na hilo la kifua ndilo ninalosomea zaidi kuliko kitu kingine chochote, ingawa sijamwambia. Nimeanza kuchora kifuniko cha kunasa vumbi. Mchoro wa kwanza ni mbaya. Wa pili ni mbaya kidogo.

Baba, nasikia, akiulizwa na wenzake ninasomea nini, anawaambia ninasomea kompyuta. Ni jibu lisiloleta maswali. Zamani ningempigia nimrekebishe. Sasa ninamwacha aseme anavyoweza, na chuo kikifungwa nitashuka Laare siku ya soko, katikati ya mchana, nikiwa nimevaa ovaroli yangu ya bluu, nipite taratibu mbele ya wanaume wanaofunga miraa, niwasalimie kila mmoja kwa heshima zote, kisha nimsalimie yeye.